Sahani ya Maharagwe

Sajini Kioko aliisukuma sahani upande wa mkewe. "Kula wewe kwanza."

Wiki mbili nzima chakula kilikuwa hakina ladha, na kichwa kilimgonga kila alipowapigia kelele makuruta pale chuo cha polisi Kiganjo. Wenzake walimwonya kantini, chupa mkononi: mke aliyeachwa Machakos miaka sita, ukimleta ghafla, chunga chungu chake. Na jana alimwona mkewe akifunga karatasi kwenye pindo la leso.

Mkewe alimtazama, akachukua kijiko. Alikula taratibu, punje kwa punje, mpaka sahani ikabaki nyeupe.

"Sasa toa hiyo karatasi."

Akafungua fundo. Ilikuwa barua ya daktari, ile aliyopewa Kioko alipopimwa mwezi uliopita, akaikunja na kuitupa. Presha iko juu sana. Aache chumvi, pombe na sigara, na apate kupumzika.

"Niliiokota kwa takataka, Baba Nduku. Ningekuambia, ungesema ati nimekuja kukutawala."

"Presha ni ugonjwa wa matajiri."

"Baba yako alikuwa tajiri?"

Baba yake Kioko alilalamika kuumwa kichwa mwaka mzima, kisha akaanguka shambani, akafa kabla jua halijatua. Ukoo wote ulisema ni jirani aliyemroga, yule mama mjane wa ng'ambo ya mto, wakaenda kumchomea nyumba.

Aliyebeba kiberiti alikuwa Kioko.