Nyuma ya Kasa

Siku Somoe alipozikwa, bawa la ndege mdiria wa mbao lilibaki limebanwa juu ya meza ya baba yake, gundi haijakauka. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa. Homa ya siku tatu tu. Mzee Mbwana alifunga banda lake la kazi nyuma ya nyumba, kule Madale, na hakulifungua mpaka arobaini ilipopita.

Asubuhi aliyolifungua, mwanamke mmoja alipiga hodi getini. Kwapani alibeba picha ya kasa iliyoundwa kwa vipande vya mbao: mninga, mkongo, mfenesi, kila kipande kimekatwa peke yake na kubanana na mwenzake, bila tone la rangi.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Khulud. Namtafuta Somoe."

"Marahaba. Somoe ametutoka."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Mwanamke aliinamisha kichwa. "Pole sana, mzee wangu." Kisha akaitazama picha yake. "Basi nimechelewa. Tunajenga hospitali Mbweni. Tunataka picha ya ukuta mzima, wodi ya watoto. Tulimtaka fundi aliyetengeneza huyu kasa, na si mwingine."

"Fundi ni mimi."

"Wewe?"

"Igeuze. Sahihi yangu iko nyuma."

Khulud aliigeuza. Akaitazama sahihi, akamtazama mzee, akaitazama sahihi tena. Upole wote ukamtoka usoni.

"Hii ni sahihi yako?"

"Yangu. Mwaka wa tisa huu."

"Mzee, sitaki kugombana na mfiwa. Lakini marehemu hawezi kujitetea. Kazi ya mtu ni ya mtu."

Mbwana alihisi masikio yakipata moto. Alielewa alichoitwa: mwizi wa jasho la mwanawe. Kukosa kazi alishazoea. Ila neno hilo likitoka nje ya geti, lingefika Tegeta kabla ya adhuhuri, na hakuna ambaye angelirudisha.

Avelina, jirani mwenye genge la mboga, alikuwa ameshaingia bila hodi, mkononi karanga.

"Dada, mie shahidi. Fundi ni huyu huyu, tena msumeno wake umeninyima usingizi wa mchana miaka na miaka. Somoe alikuwaga anakuja jioni tu, anapasha msumari kwenye jiko langu, anaenda kuchoma sahihi."

Khulud alimgeukia Mbwana.

"Kumbe sahihi alichoma Somoe," Khulud alisema.

"Mkono wangu unatetemeka," Mbwana alijibu, upesi mno. "Alinisaidia tu."

Avelina alifungua mdomo, akautia karanga.

"Haya." Khulud aliingia bandani, akainyooshea kidole meza. "Huyo ndege hana mdomo. Mtengenezee nikiona. Ukishindwa, nitawaambia wenzangu ukweli."

Mbwana aliokota kipande cha mpingo. Akachora mstari kwa penseli, akauandama kwa msumeno mwembamba. Mpingo hauna huruma. Ukienda kombo unameguka. Unga mweusi ulimwagika kwenye magoti yake. Ikaja tupa. Ukaja msasa mkali, halafu ule laini. Mara mbili alikijaribu kipande mahali pake, mara mbili akakitoa. Avelina alikuwa amesahau kutafuna.

Mara ya tatu kiliingia.

Khulud alimwinua ndege kuelekea dirishani, akatafuta mwanga ukipenya kati ya mdomo na kichwa. Alitafuta sana. Hakuuona.

"Mkono wako hautetemeki, mzee."

Mbwana alipangusa unga mweusi magotini.

"Kazi ni yako, nakubali. Sasa unanificha nini?"

"Sina ninachoficha."

"Basi isaini."

Avelina alileta jiko lake. Msumari ulipoiva, Mbwana aliushika kwa koleo. Jasho ambalo halikumtoka kwenye mpingo lilianza kumtiririka shingoni. Alichoma nyuma ya ndege, polepole sana, akisimama kila mstari ulipokwisha, kama mtu anayevuka mto kwa kukumbuka mawe yalipo. Moshi mwembamba ulipanda. Akaweka koleo chini, akafuta paji la uso.

"Haya. Tazama mwenyewe."

Khulud aliinama. Aliposimama tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Baba, nisomee."

"Nikusomee nini? Mbwana. Jina langu. Mwanangu alianza kuniandikia akiwa na miaka kumi, mpaka nami nikalishika."

Avelina alisogea, akasoma kwa midomo bila sauti. Kisha akajifunika uso kwa kanga.

"Hapa pameandikwa Somoe," Khulud alisema.

Siku hizi Mzee Mbwana anakwenda darasa la watu wazima, Jumanne na Alhamisi. Jina lake ameshajua kuliandika. Kazi zake zinaendelea kutoka na lile la Somoe.