Viatu Vyenye Sababu

Wanawake wa kwaya walimzunguka mlangoni mwa kanisa, wakamtazama miguuni.

"Mama Viatu, leo tena umevaa vile vile vya zamani? Au fundi amekuchoka?"

"Labda ngozi imepanda bei," alidakia mwingine. Wakaangua kicheko.

Mke wa fundi viatu alicheka nao mpaka machozi yakamtoka. Ilikuwa miezi sasa hajapata jozi mpya, na pale mlangoni hapakuwa na mwanamke mwenye furaha kama yake.

Uvungu wa kitanda chake ulijaa viatu kuliko duka: vyeusi, vyekundu, vya kamba, vya kisigino, vyote vimemkaa kana kwamba alizaliwa navyo. Wenzake walimwonea wivu waziwazi. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jozi ya kwanza aliipata walipokuwa bado maharusi. Fundi alimpiga kofi moja, kisa shati halikupigwa pasi, kisha akashtuka kuliko aliyepigwa. Jumapili ile wenzake walipokwenda kwenye meza ya Bwana, fundi alibaki kwenye benchi ameinamisha kichwa. Alifunga kula. Alijifungia karakanani akashona, sindano ikamchoma kidole gumba hata damu ikaingia kwenye ngozi. Alipomaliza alipiga magoti, akamvalisha mwenyewe.

"Nisamehe, mke wangu. Mkono huu na ukauke."

Alimsamehe. Mwanamume yule wa siku ile, mkewe angemsamehe hata leo.

Jozi ya pili ilichelewa, nayo ilikuja na machozi. Ya tatu ilikuja bila machozi. Baadaye magoti nayo yakaisha. Fundi akawa anaviacha tu kitandani, anakwenda zake kuoga, na Jumapili anakuwa wa kwanza kwenye meza ya Bwana, uso mkavu. Siku alipomvunja ubavu alimshonea vya kisigino. Mkewe akashindwa kuinama avivae, fundi akamuuliza, "Kwani havikutoshi?"

Mchungaji alikuwa amemwonya mapema. "Fundi, hicho kidole kimeota sugu, sindano haikichomi tena. Angalia na moyo usije ukaota." Fundi aliitikia amina kubwa, ya kusikika mpaka barabarani.

Mara moja tu mkewe aliwahi kumwomba viatu kwa mdomo wake, vya kwendea harusi ya mpwa wake. Fundi alimtazama kama mtu aliyeombwa kitu cha ajabu.

"Vyako huwa vina sababu," alisema, akaendelea kugonga misumari. Harusini mkewe alivaa vya zamani.

Sasa sababu ilikuwa imekoma. Tangu fundi apate tenda ya viatu vya wanafunzi, alikuwa anatoka alfajiri, akirudi anakula kimya na kulala. Mkono wake haukuinuka. Mkewe alimshukuru Mungu kila alipofungua macho asubuhi.

Ndiyo maana dada yake mkubwa alipokuja kumchukua, alikataa.

"Mdogo wangu, chumba nimeshakutandikia. Twende kabla hatujaja kukuzika."

"Dada, amebadilika. Nitazame miguuni! Tangu lini umeniona na viatu vilivyochakaa?"

Dada mtu hakucheka. Jumanne aliondoka peke yake, anajifuta macho kwa ncha ya khanga, na kila hatua chache anageuka nyuma. Mdogo mtu alirudi ndani kuosha vyombo, anaimba.

Alhamisi alimpelekea mumewe chakula cha mchana. Karakana ilikuwa wazi na haina mtu. Fundi alikuwa ametoka kununua gundi. Juu ya meza, katikati ya viatu vyeusi vya wanafunzi, kulikuwa na jozi ya kahawia. Ngozi laini, soli nyembamba. Sindano ilikuwa bado inaning'inia kwenye uzi wa mshono wa mwisho.

Alivua kiatu chake, akaingiza mguu. Ulikaa barabara.

Alijipapasa shavu. Akajipapasa mikono, shingo, na ule ubavu ulioungana vibaya. Hapakuuma popote. Hakuwa na jeraha, wala hawakuwa wamegombana.

Basi ikamjia polepole, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Kumbe mume wake anaweza kumshonea viatu hivi hivi tu. Kwa kumpenda tu! Alilia, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakujali nani anamwona. Alitamani dada yake angekuwepo ashuhudie kwa macho yake.

Fundi aliingia na kopo la gundi, anaimba pambio. Alipomwona na kiatu mguuni hakushtuka.

"Ah. Umeshaviona."

"Nimeviona, mume wangu. Vizuri mno. Sijui hata nikushukuru vipi."

Fundi alichuchumaa, akamvua kile kiatu taratibu, akaufuta mguu wake vumbi kwa kiganja. Kisha akavifunga viatu vyote viwili kwenye gazeti, akavipandisha rafuni.

"Viache kwanza, wakati wake bado," alisema kwa upole. "Kazi zimenizidi siku hizi, mke wangu. Nikingoja mpaka nishakupiga, sipati muda wa kushona."