Punguza Mwendo, Clive

"Punguza, Clive," alisema Hilary. "Bado unakimbia."

Clive aliweka vijiti vya ngoma mapajani. "Nikipunguza zaidi nitasinzia, bwana."

Hilary, mpiga gitaa la besi, alichungulia tena ukumbini kupitia pazia la jukwaa. Utadhani mji mzima wa Leeds umeazimana makoti meusi. Mwaka jana watu hawa hawa walikuja kurukaruka na kutemeana mate. Leo walisimama kimya kama wafiwa. Yote kwa sababu ya Crispin Lathbury wa gazeti la muziki. Aliandika kwamba panki, ule muziki wa kasi na makelele, imekwisha, na kwamba albamu ya pili ya bendi ya Hilary ndiyo imeonyesha njia mpya: nzito, ya polepole, sauti ya mwimbaji kama inatoka kisimani. Kabla ya hapo kampuni ya santuri ilikuwa imeshawachoka. Leo Lathbury amekuja mwenyewe. Wakiharibu, Hilary anarudi Halifax, kwenye kiwanda cha biskuti.

"Koo linaniuma," alisema Dougie, mwimbaji. "Sauti ile sina."

"Kunywa chai, kisha ungurume," alisema Hilary.

Mchana mama yake Hilary alikuwa amepiga simu. "Mwanangu, santuri yenu nimeiweka kama mlivyoagiza. Mbona siyo ile ya gazetini? Mnakwenda kama mnafukuzwa na mbwa."

"Gramafoni yako mbovu, Mama. Usimsikilizishe mtu mwingine."

Walipanda jukwaani. Vidole vilimwasha Hilary kwa hamu ya kutimua mbio, lakini alivizuia, akamkazia macho Clive kila alipotaka kuchomoka. Dougie alinguruma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mstari wa mbele, Lathbury alifuta machozi kwa mkono wa koti.

Walipomaliza akawafuata nyuma ya jukwaa, santuri kwapani, jalada limechakaa pembeni.

"Naisikiliza kila siku," alisema. "Hakuna aliyethubutu kwenda polepole hivi. Mliwazaje?"

"Ilikuja yenyewe," alisema Clive, akitazama viatu vyake.

Lathbury akaitoa santuri. "Nitilieni sahihi hapa katikati, kwenye karatasi."

Hilary aliiwahi kalamu kabla ya wenzake. Aliandika jina lake kwa herufi nene, akalipitisha juu ya vijineno vidogo vilivyochapwa hapo, akarudia na kurudia mpaka havikusomeka tena: *Gramafoni iwekwe kwenye mwendo wa kasi, mizunguko 45 kwa dakika, si 33.*