Gego la Mayu Mboje

Josia hakuchoma sindano ya ganzi. Alivaa taa yake ya kichwani, akapiga magoti, na Felisita akafungua kitambaa kilichomzunguka mama yake kuanzia kidevuni hadi utosini.

"Mwangaluka, mayu Mboje," Josia alimsalimia mama huyo kwa Kisukuma, kwa mazoea. Felisita ndiye aliyeitikia.

Taya lilikuwa limekaza. Josia akalipanua taratibu, akaweka kipande cha mpira katikati ya meno, akamulika. Dawa ya muda aliyoiweka mwenyewe kwenye gego ilikuwa imemeguka ukingoni.

"Nilimwambia arudi Jumatatu nimalizie," alisema.

"Jumatatu hakuweza, daktari. Presha ilimzidi Jumapili."

"Na jino?"

"Ndiyo shida yenyewe. Usiku anakwenda kwa mwanangu Anna, ameshika shavu. Anamwambia, mjukuu wangu, hili jino wameliacha wazi. Sasa mtoto hali, halali, anatetemeka tu. Mwaka juzi nilimzika kaka yake. Huyu ndiye niliyebaki naye, daktari."

Asubuhi Josia alikuwa amekataa katakata. Alisema hilo si jambo la daktari wa meno, tena ana foleni. Lakini Felisita alisimama mlangoni mwa kliniki bila kulia, na hilo lilimtisha kuliko kilio. Akatia vifaa kwenye mkoba, akamfuata.

Alichimbua dawa iliyomeguka, akasafisha mfereji wa mzizi. Wapo wanaotumbukiza kijiti kimoja cha mpira, wakapaka gundi, wakasema kazi imekwisha. Kwa Josia huko ni kujidanganya mchana kweupe. Pembeni ya kijiti hubaki nafasi, na bakteria hawabishi hodi. Ufa mwembamba unawatosha, wateremke na mate hadi kwenye ncha ya mzizi, maradhi yaanze upya.

Kwa hiyo alitia kijiti cha kwanza, akakisukumia pembeni kwa chuma chembamba, akatia kingine, akabana, akatia kingine tena, mpaka chuma kikakosa pa kupita. Aliogopa, na hakuona sababu ya kuuficha woga wake.

Hapakuwa na mate ya kufyonza. Tangu aanze kazi Bariadi alikuwa hajawahi kujaza mzizi mkavu namna ile.

"Limeziba?" Felisita aliuliza.

"Limeziba. Halivuji."

"Una uhakika?"

"Hapapiti kitu, dada. Hata mdudu asiyeonekana."

"Basi mwambie mwenyewe. Mimi hanisikii."

Josia alimtazama, akaona hatanii. Akainama sikioni kwa mama, jasho likimtiririka shingoni ingawa chumba kilikuwa na baridi.

"Mayu, kazi yako imekwisha. Jino limeziba. Nakuomba, mwache mtoto alale."

Nje, gari la kwenda kijijini Mwamapalala lilipiga honi. Felisita alimpangusa mama yake midomo, akamvutia shuka hadi juu ya uso, akawaita kaka zake waingie kupigilia misumari kwenye jeneza.