Stovu Isiyo na Mnunuzi

Stovu ilikuwa imepasuka tumbo. Ilikuwa imewekwa katikati ya meza ya barazani, pale pale Bwana Dishon alipozoea kunywea chai. Kando ya meza alikaa mwanamke asiyemjua.

Dishon, mkaguzi wa bidhaa zitokazo ng'ambo, ndiyo kwanza alikuwa anashuka garini. Safari ya Mombasa ilikuwa imemla wiki nzima. Mkewe, aliyesafiri naye, alibaki kwao Nakuru. Vumbi la njia lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Na sasa hili. Ofisi ipo mjini, lakini watu lazima wamfuate mtu mpaka nyumbani kwake Milimani.

"Nani amekufungulia geti, Mama?"

"Nimelikuta wazi, Jaduong', mzee wangu. Naitwa Adero, natoka Pap Onditi." Hakuinuka. "Kitu hiki kimemuunguza mtoto wangu. Nataka kujua nani alipaswa kukizuia."

Dishon aliigeuza stovu kwa ncha ya kidole. Rangi ya buluu, pampu ya bati jepesi kama kifuniko cha kopo la maziwa. Akaitambua. Shehena nzima ya stovu kama hiyo ilijaa ghalani kwa Bildad, mwagizaji, ikingoja Dishon atie sahihi kesho ili isambazwe masokoni.

"Hizi hazijaanza kuuzwa. Uliinunua wapi?"

"Sikuinunua."

"Basi imeibwa. Unaleta mashtaka na mali ya wizi mkononi."

"Nimeuliza nani alipaswa kuzuia," Adero alisema. "Bildad anasema ni wewe. Karani wako anasema ni Bildad. Mnarushiana mtoto wangu kama mpira wa matambara."

Dishon alicheka puani. "Sikiliza, Mama. Mwenye kiwanda yuko ng'ambo, mkono wangu haufiki. Bildad analeta mnachotaka, nanyi mnataka cha bei ya chini. Rahisi ni ghali; hata nyanya yangu, ambaye hakuona darasa, alilijua hilo. Upande wangu nilipewa moja, ikapimwa."

"Ilipimwa vipi?"

"Ilipikiwa mwezi mzima. Haikuleta neno."

"Ilipikiwa na nani?"

"Ilipikiwa, basi." Akavuta kiti, akaketi. Uchovu ulianza kugeuka hasira. "Huyo mtoto ana miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

"Umejijibu mwenyewe. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anaachiwa stovu ya pampu. Hapo nyumbani hapakuwa na mtu mzima?"

"Siku hiyo hapakuwa."

"Alikuwa wapi?"

"Alikuwa na safari zake."

"Na mnakuja kulilia serikali." Dishon aligonga meza, stovu ikaruka. "Kesi yako imekwisha, Mama. Mtafute huyo mtu mzima asiye na haya, aliyemwachia mtoto wa watu moto akaenda zake. Mshike ukosi. Mwambie mimi, Dishon, nimesema ni yeye."

Adero aliokota gunia lake sakafuni.

"Nimesikia," alisema. "Nilitaka uyaseme kwa mdomo wako."

Dishon hakumjali tena. Koo lilikuwa limemkauka. Akageuza shingo kuelekea jikoni.

"Milka. Leta chai. Kisha umsindikize huyu mama mpaka getini."

Nyumba ilinyamaza. Hata kikombe hakikulia.

"Milka. Umelala?"

Adero alisimama, akakunja gunia alilokuja nalo, akalibana kwapani. Stovu hakuigusa.

"Usimwite, Jaduong'. Mikono yake nimeiacha hospitali, imefungwa bandeji mpaka mabegani. Amenituma niirudishe hii jikoni kwako, asije akaitwa mwizi."