Mto wa Ngumi

Nilikuwa nimebana pini nne mdomoni nilipomwona Kiboko akikunja ngumi.

Jina hilo tulimpachika tangu mdogo wake azaliwe. Miezi mitatu sasa, binti yangu wa miaka mitatu alikuwa hapitwi na mtu bila kumtwanga. Babu yake alionja, paka naye alionja. Nikamshonea mto kwa vipande vya vitambaa vya wateja. "Hasira ikikupanda, mwanangu, piga huu."

Na leo, kwa haraka ya gauni la bibi harusi, ni mimi mwenyewe niliyemlaza mdogo wake juu ya mto huohuo.

"Toka! Mto wangu!" Kiboko alifoka, kamasi zikimchuruzika. Ngumi ikapanda.

Nitapigaje kelele na pini mdomoni? Nikaruka kutoka kwenye cherehani, gauni likaninasa miguu, nikaangukia magoti.

Ngumi ikashuka. Pu!

Ilitua pembeni ya mto, upana wa kiganja kimoja tu kutoka shavuni mwa mtoto. Mto ukadunda naye. Akakodoa macho, kisha akacheka. Kicheko chake cha kwanza duniani, cha sauti, chenye kwikwi mwishoni!

Kiboko akaduwaa. Akapiga tena, palepale pembeni, taratibu. Kicheko kingine!

"Mama! Kacheka! Mimi ndiye nimemchekesha! Mimi!"

Nikatema pini kiganjani. Kiboko akasogea kunipa nafasi.

"Njoo upige na wewe, Mama. Ila piga huku pembeni. Hapo kuna mtu."