Ulingo wa Mianzi

Tangu alfajiri Lwitiko alikuwa ameketi juu ya mti, kwenye ulingo mwepesi wa mianzi aliouunda mwenyewe, akivizia nguruwe pori waliokuwa wakimaliza viazi vya familia yake. Sakitu, umande ulioganda kwa baridi, ilikuwa imetanda shamba zima. Nguruwe walipotokea aliinua upinde, lakini vidole vilishindwa kuvuta kamba. Wakala mpaka wakashiba, wakaondoka.

Mkewe, Atuganile, alimkuta huko huko juu.

"Shuka, baba Tusa. Leo siku ya tatu hujapiga hata mmoja."

"Mikono imekataa, mama Tusa. Wala si baridi tu."

Alishuka taratibu, akamkabidhi upinde bila kumtazama. Atuganile alijifunga khanga kiunoni, akapanda. Lwitiko akaegemea shina, amechoka, akitazama kichaka kikianza tena kutikisika.